Kamera kuukuu ya mapro: jinsi ya kukagua Nikon D700 kabla hujatoa hela



Haipiti muda bila kijana kuniuliza, "Anko, nimepata D700 kwa bei poa, nichukue?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naweka yote hapa, mwenye shida achukue.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2017 niliingizwa mjini mchana kweupe. Jamaa mmoja aliniuzia D700 inayong'aa, raba zote zipo, kamba mpya. Niliamini macho, sikuuliza imeshapiga picha ngapi. Wiki ya tatu niko kanisani, bwana harusi kashika pete, nabonyeza, kimya. Kwenye kioo kidogo cha juu neno Err linawaka na kuzima. Shata imekufa. Mpaka nakimbilia kamera ya akiba kwenye gari na kurudi, pete zimeshavaliwa. Picha ya pete kwenye albamu yao ilitoka kwenye simu ya shangazi wa bi harusi, imetikisika, na kisogo cha mtu kimekaa mbele. Nilirudisha nusu ya malipo, lakini lile tukio halikurudi. Baadaye ndio nikasoma namba: kamera ilikuwa imepiga zaidi ya picha 280,000.

Kwa hiyo shikeni hili moja: kwenye kamera kuukuu hununui jina, unanunua maisha yaliyobaki.

NI KAMERA YA NAMNA GANI

D700 ilitangazwa Julai 2008 ikiuzwa takriban dola 3,000 za Marekani, bila lenzi. Ina kihisi kikubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35, kilekile kilichokuwa kwenye D3 ya mwaka 2007. Ina megapikseli 12 tu. Msicheke. Picha yake ni pikseli 4256 kwa 2832, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi inatoa takriban inchi 14 kwa 9. Yaani A4 inajaa bila kunyoosha kitu. Mteja anayetaka albamu na picha ya ukutani hataona upungufu.

Faida nyingine, ina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Lenzi za zamani za AF-D, kama 50mm f/1.8D, ambazo kwenye kamera ndogo ndogo za Nikon hazifokasi zenyewe, hapa zinafanya kazi vizuri tu.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

1. Idadi ya mibonyezo. Shata ya D700 ilijaribiwa kwa mibonyezo 150,000. Haina maana ikifika hapo inakufa siku hiyo hiyo. Nyingine zinapita mbali, nyingine hazifiki. Piga picha moja ya JPEG, ifungue kwenye kompyuta kwa programu ya ExifTool, utaona mstari wa Shutter Count. Muuzaji akiwa mbali, mwambie atume faili kama dokumenti. Akiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo zinafutika. Akianza kuzungusha maneno, hicho ni kimeo, achana nacho.

2. Tundu la kadi. Inatumia kadi za CompactFlash, na mle ndani kuna pini nyembamba. Mulika na tochi ya simu. Pini moja ikipinda, una kazi ya fundi.

3. Kihisi. Weka ISO 200, lenzi f/16, piga picha ya mbingu au karatasi nyeupe, kisha ikuze. Madoa ya vumbi yanasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

4. Betri. Ingia Setup, kisha Battery info. Utaona Charging life, kuanzia 0 mpaka 4. Sifuri ni nzima, 4 imezeeka. Ikiwa 4, punguza bei.

5. Fokasi. Jaribu kwa lenzi ya AF-D na ya AF-S, zote mbili. Moja inapima mota ya bodi, nyingine inatumia mota yake.

6. Lenzi. Sisi wa pwani unyevu unatumaliza. Pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi. Ukiona kama utando wa buibui, huo ni ukungu.

UKISHAINUNUA

Piga RAW. Gauni jeupe na suti nyeusi kwenye fremu moja ni mtihani. Kilichoungua kwa mwanga hakirudi, ila kilichoingia gizani unaweza kukivuta kidogo. Kwa hiyo linda gauni kwanza, lakini usiache sura za watu zikawa nyeusi tii. Tumia flashi ukiielekeza kwenye dari, kama dari ni jeupe.

Ukumbini usiogope ISO 1600 wala 3200, inahimili. Ya 6400 iweke kwa dharura.

Ina tundu moja tu la kadi, wakati D3 ina mawili. Kadi ikifa umekwisha. Mimi natumia kadi za gigabaiti 8 badala ya moja kubwa. Kila moja inameza RAW kama 500 hivi. Kanisani kadi moja, picha za nje nyingine, ukumbini nyingine. Usifute chochote mpaka picha ziwe sehemu mbili.

Vumbi likiingia kwenye kihisi, usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Chaji betri ijae, tumia Lock mirror up for cleaning, puliza kwa pampu ya mkono ukiwa umeinamisha kamera mdomo chini.

NANI ASINUNUE

Kama wateja wako wanataka video, hii siyo yako. D700 haichukui video kabisa. D90 iliyotangazwa Agosti mwaka huo huo ndiyo ilianza na video. Pia ina uzito unaokaribia kilo moja bila lenzi, shingo itakwambia.

Na kama huna kamera ya pili, usichukue kazi ya harusi. Hata ya kuazima kwa rafiki, iwe begani, siyo kwenye gari. Mimi niliyajua hayo kwa hasara ya watu wengine, na hao hawawezi kuoana upya ili nipige tena.

Mafundi na wenye uzoefu zaidi, karibuni mnikosoe.

Nawasilisha.