Kukadiria si Kudhania
Anayekadiria ana kipimo mkononi, hata jibu likija kombo. Anayedhania hadaiwi kipimo. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika kuwa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, "inakadiriwa" kuwa na watu milioni 1. Ilikadiriwa na nani, kwa kipimo gani? Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Wapo watakaosema sensa nayo huruka watu, hasa wapangaji wanaobanana chumba kimoja na kurudi usiku. Ni kweli huruka, lakini si zaidi ya wanane katika kila kumi! Kitenzi kilichofaa kilikuwa "inadhaniwa", ingawa hicho kisingevuta wafadhili.