Korogwe, Mji wa Watu wa Mkataba

Kabla ya reli, watu wa Korogwe waliishi katikati ya maji. Mto Pangani, ambao wenyeji wa bonde lake huuita Ruvu, hugawanyika na kuzunguka visiwa vidogo katika sehemu hii ya safari yake kutoka Kilimanjaro kwenda baharini. Katika karne ya 19 Wazigua walijenga vijiji vyao humo, Korogwe na Maurui vikiwa miongoni mwao. Adui aliyekuja kwa miguu ilimbidi kwanza aukabili mto wenye mamba.

Na maadui hawakuwa haba. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alifariki mwaka 1862, na nyuma yake ukoo wa Kilindi ukapigana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka mingi. Mwanawe Semboja aliona mapema kwamba nguvu zilikuwa zinashuka kutoka milimani kwenda tambarare. Akaiacha Vuga, makao ya baba yake, akajijenga Mazinde, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Bunduki zilipanda kutoka bandari ya Pangani, na walioshindwa vitani wakateremshwa pwani kuuzwa. Ukitaka kujua kwa nini watu wa Korogwe walikubali kulala na mbu wa mtoni, jibu ni hilo. Sehemu ya kumbukumbu za biashara hiyo iko Lutindi, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara. Wajerumani walifungua huko makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na mwaka 1904 makao hayo yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Bado inafanya kazi.

Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, na njia ya reli ikawa haina wa kuizuia isipokuwa ukata wa kampuni iliyoijenga. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Ilichukua miaka mitatu kufika Muheza, umbali wa kilomita 40 tu, kisha fedha zikakatika. Serikali ya Ujerumani ilipoinunua reli mwaka 1899 ndipo kazi ikaendelea, na mwaka 1902 treni ya kwanza ikaingia Korogwe, kilomita 84 kutoka baharini. Mombo ilifikiwa mwaka 1905, Moshi mwaka 1911.

Stesheni ndiyo iliyouzaa mji tunaoujua. Maduka yalifuata reli, soko likafuata maduka, na uzito wote ukahama kutoka visiwani kwenda Manundu. Jina la Old Korogwe limebaki kwenye kata moja ya mji. Hata hivyo reli peke yake isingeujaza mji watu. Kilichoujaza ni mkonge.

Habari ya mkonge Watanzania wengi wameisikia shuleni kwa sentensi moja, nayo inastahili zaidi. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Ilipitia Hamburg, ikafika pwani yetu ikiwa hoi, na 62 tu ndiyo iliyoishi. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka kwenye miche hiyo 62 ukaenea mkonge uliofunika nchi kutoka Tanga hadi Same: Mnyuzi, Hale, Magunga, Ngombezi, Mazinde.

Shida ya wenye mashamba ilikuwa moja tu, nayo walilalamika juu yake kwa miaka yote. Ardhi waliipata, miche waliipata, watu hawakuwapata. Msambaa wa vijiji vya milimani, kama Dindira au Bungu, alikuwa na migomba yake na mahindi yake. Angeshuka kuuza chakula kwenye mashamba, apate fedha ya kodi, kisha apande mlima arudi kwake. Kwa nini akate majani yenye miiba chini ya nyapara? Wajerumani walimjibu kwa sheria. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume mwenyeji alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyekuwa na kadi iliyojazwa alipelekwa kazi za serikali kwa ujira mdogo zaidi. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia ya Korogwe inapoanza kuwa tofauti na ya miji mingine ya wilaya: utajiri wake ulijengwa juu ya kazi ambayo wenyeji waliikataa kwa sababu waliweza kuikataa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita haraka. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka na reli katikati ya 1916, likaichukua Korogwe na Handeni mwezi Juni. Waingereza wakayapiga mnada mashamba ya Wajerumani. Wagiriki, Wahindi na Waingereza wakanunua, Wajerumani wenyewe wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925, na swali la watu likabaki palepale.

Jibu la Waingereza lilikuwa umbali. Walimchukua mtu kutoka mahali ambako kodi ilidaiwa lakini hapakuwa na cha kuuza, wakamleta mbali kiasi kwamba asingeweza kutoroka kwa urahisi. Wangoni walitoka Songea, Wabena Njombe, Waha Kigoma, Wanyamwezi wakaja, Wamakonde wakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wengine wakatoka Rwanda na Burundi. Hao ndio manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokuwa na mawakala na kambi za njiani. Mtu aliandikishwa kwao, akasafirishwa pamoja na kundi lake, akashushwa stesheni na kugawiwa shamba.

Kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Siku haikuhesabiwa kwa jua kuzama, ilihesabiwa kwa mafungu ya majani yaliyokatwa, na asiyemaliza fungu lake siku hiyo haikuwa siku. Ndiyo maana kipande cha siku 30 kingeweza kumchukua mtu wiki sita au zaidi. Majani yalipakiwa kwenye vitoroli vya reli ndogo ya shamba hadi korona, mtambo uliosaga jani na kuacha singa nyeupe, huku maji machafu yenye harufu kali yakitiririka. Singa ilianikwa juani, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota na kupelekwa bandari ya Tanga. Ulaya na Marekani ziliifanya kamba za kufungia nyasi na nafaka mashambani. Manamba aliyepata jeraha la mwiba wa mkonge jichoni, na majeraha hayo yalikuwapo, hakuwahi kumwona mkulima aliyeitumia kamba yake.

Mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao. Wengine hawakurudi. Baadhi walikuwa wameoa, baadhi waliona haya kurudi mikono mitupu, na baadhi hawakuwa na aliyebaki wa kumrudia. Walianzia makambini, kisha wakahamia pembezoni mwa mji, wakapata vishamba vya mahindi na mihogo. Kila kabila lilikuja na ngoma yake, na Jumapili ngoma zilisikika kutoka kambi hadi kambi. Watoto wao walizungumza Kiswahili kwanza, lugha ya wazazi baadaye, na wengine lugha ya wazazi hawakuipata kabisa. Leo ukiita majina ya ukoo katika darasa lolote la Korogwe utayasikia ya Songea, Kigoma na Mtwara pamoja na ya Kizigua, Kisambaa na Kibondei, na hakuna mtoto atakayeona ajabu.

Watu hawa hawakunyamaza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde, makao yaleyale ya Semboja, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Chama chao cha wafanyakazi wa mashamba kilimtoa Victor Mkello, kiongozi aliyekuwa na sauti kubwa kiasi kwamba serikali ya nchi huru, mwaka 1963, ilimpeleka Sumbawanga kwa amri ya kumzuia. Naona tunamsahau haraka mno.

Uhuru uliikuta Tanganyika ikiongoza dunia kwa mkonge, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwaka 1963 reli kutoka stesheni ya Ruvu kwenye Reli ya Kati ilifika Mnyuzi na kuiunganisha Korogwe na Dar es Salaam. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba wakati ambapo faida ilikuwa imeanza kukimbia. Kosa halikuwa la upande mmoja, ingawa kila upande una hadithi yake. Miaka ya 1990 ilipokwisha uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 30,000. Korona nyingi zilikaa kimya, na vichaka vikazifunika reli ndogo.

Mji haukufa, kwa sababu watu wake walishakuwa na sababu nyingine za kukaa. Barabara ya kwenda Moshi na Arusha ilichukua nafasi ya reli, mabasi yakaleta biashara ya chakula na matunda, chuo cha ualimu na Hospitali ya Magunga vikaleta watumishi. Watu wa Dindira na Bungu wanaendelea kushuka na mazao, kama babu zao. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiliiingiza Korogwe, pamoja na Bagamoyo, katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Watoto wa bonde hili ni miongoni mwa zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika ambao matokeo yao yalichangia uamuzi wa WHO wa kuipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 68,308 katika halmashauri ya mji. Treni ya abiria, iliyokuwa imetoweka tangu miaka ya 1990, ilirudi mwishoni mwa 2019.

Mkonge nao umerudi, kwa sura nyingine. Tangu 1999 wakulima wadogo wamekuwa wakigawiwa vipande vya ardhi ndani ya mashamba makubwa ya Ngombezi, Magunga, Magoma, Mwelya na Hale. Hupanda na kukata wenyewe, kisha jani husagwa kwenye korona ya shamba na gharama kukatwa kwenye mauzo. Miongoni mwao wamo watoto na wajukuu wa manamba. Makato hayo yamezua malalamiko ya muda mrefu yaliyofika hadi serikalini, na mjadala sasa ni nani amiliki korona. Wakulima wa vyama vya ushirika wanataka iwe yao.