Roho, Nafsi na Moyo: Historia ya Maneno Matatu katika Biblia ya Kiswahili



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mazishini. Mjane alipoangua kilio, mhubiri alimkanya kwa upole kwamba huzuni ni jambo la nafsi, na kwamba mtu wa kiroho huishinda nafsi yake. Mjane akanyamaza. Mimi si mwanatheolojia, lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza mpaka huu mkali kati ya maneno mawili umetoka wapi.

Haukutoka katika mazungumzo ya Waswahili. Roho na nafsi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo yalikuwa yamekwisha kuota mizizi pwani kabla Johann Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Katika mafundisho ya Kiislamu nafsi ilikuwa tayari na sifa ya kumvuta mtu kwenye matamanio asipoirudi. Moyo ni neno la Kibantu, na ndio ambao mtunzi wa Al-Inkishafi anausemesha anapojionya juu ya ulimwengu. Na roho je? Mtu hukata roho anapokufa. Akishikwa koo, amekabwa roho. Mlafi naye huitwa mroho. Pumzi, koo, uhai na tamaa vimekutana katika neno moja. Ajuaye Kiebrania atashangaa, maana hizo hasa ndizo maana za nefeshi, neno ambalo wafasiri wetu mara nyingi wamelipa nafsi, ilhali roho wameiweka mahali pa ruaki, yaani pumzi au upepo.

Basi Krapf, na baada yake Edward Steere kule Unguja, walikuta maneno yenye wenyewe. Matokeo yake yanaonekana vizuri katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Neno moja la Kiyunani, psukhe, ni nafsi katika Mathayo 16:26, ni roho katika Mathayo 10:28, na katika wimbo wa Mariamu, Luka 1:46, ni moyo. Wapo watakaosema huo ni uzembe. Mimi nasema ni usikivu: wafasiri waliisikiliza lugha kabla ya kuitungia kanuni.

Ni kweli kwamba 1 Wathesalonike 5:23 inataja nafsi, roho na mwili kwa pamoja, na Waebrania 4:12 inaitenga nafsi na roho. Juu ya aya kama hizo yamejengwa mafundisho ya sehemu tatu za mtu. Watchman Nee wa China, katika kitabu chake juu ya mtu wa kiroho kilichotoka mwaka 1928, aliziweka hisia upande wa nafsi, pamoja na akili na utashi. Mpango huo unafundishika kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari yake.

Kwa maana Injili ya Yohana haiufuati. Katika 12:27 Yesu anafadhaika, na neno la Kiyunani ni psukhe. Katika 13:21 anafadhaika tena, kitenzi ni kilekile, lakini safari hii neno ni pneuma. Kiswahili kimeandika roho mahali pote pawili, na msomaji wetu hahisi kwamba amevuka mpaka wowote. Hata yule mtu asiyeyapokea mambo ya Roho, katika 1 Wakorintho 2:14, ambaye Kiyunani kinamwita kwa neno litokanalo na psukhe, wafasiri hawakumwita mtu wa nafsi. Walisema habari ya tabia yake ya asili. Kivumishi "kinafsi" kwa maana ya kulaumu hisia kimetoka mimbarini, si kwao.

Pale kaburini kwa Lazaro, Yohana 11:33, Yesu anaugua katika pneuma, na aya mbili baadaye analia. Sura hiyo ndiyo iliyosomwa siku ile ya mazishi. Msomaji aliishia aya ya 27.