Kaunti yenye wapiga kura wengi kuliko watu

Wasee, leo tupige hesabu kidogo. Usiogope, ni ya kutoa na kujumlisha tu.

Tuko Alabama, Marekani, mwanzoni mwa 1965. Huko pia kuna kaunti, na umri wa kupiga kura wakati huo ni miaka 21. Kaunti ya Lowndes ina watu weusi 5,122 waliofikisha umri huo. Waliosajiliwa ni wangapi? Sufuri. Wazungu wa umri huo ni 1,900, lakini kwenye sajili wako zaidi ya 2,200! Yaani majina yamezidi watu.

Ruka hadi kaunti jirani ya Wilcox: watu weusi zaidi ya 6,000 wa umri wa kura, sufuri tena. Kaunti ya Dallas, ulipo mji wa Selma, ina kama 15,000, waliosajiliwa ni mia chache tu.

Eti hawakutaka kura? Wapi! Kulikuwa na mitihani ya kusoma, na karani ndiye aliyeamua nani kapita. Ukijaribu kujisajili, mwenye shamba anakufurusha. Lowndes kuna familia zilizoishia kwenye mahema kando ya barabara.

Sasa shika hapa. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, ilitumia hesabu hii hii. Mahali penye mtihani, ambapo chini ya nusu ya watu wa umri wa kura walisajiliwa au walipiga kura 1964, mtihani ulipigwa marufuku. Serikali kuu ikapata nguvu ya kutuma maafisa wake kusajili watu, na Lowndes ilikuwa kati ya kaunti za kwanza kuwapata.

Wakaunda chama chao, nembo chui mweusi. Uchaguzi wa 1966 walishindwa. 1970, John Hulett, mmoja wa waanzilishi, akachaguliwa sherifu.

Na sisi? Kenya 2022, waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1, na vijana wa 18 hadi 34 hawakufika hata asilimia 40. Idadi yao ilishuka kuliko 2017, ilhali vijana wanazidi kuongezeka. Hapa hakuna mtihani wa karani, lakini kuna kitambulisho kinachochelewa, kuna kukata tamaa, na kuna "nitaenda kesho".

Kwa hivyo ukitajiwa idadi ya waliosajiliwa kaunti yako, uliza ya pili: waliofikisha umri ni wangapi? Halafu toa.