Wavamizi kutoka Angani na Wavamizi wa Bunkeya

Vijana wapendwa, filamu za viumbe wanaoshuka kutoka sayari nyingine kuivamia dunia mnazifahamu kuliko mimi. Hata hivyo zinastahili kutazamwa kwa jicho la historia, kwa maana kisa chao kimechotwa katika mambo yaliyowapata watu kama mababu zetu.

Mtindo wa kwanza ni wa kishindo. Katika The War of the Worlds ya mwaka 1953, viumbe wa Mirihi hushuka California na kuteketeza miji, wala bomu la atomiki haliwadhuru. Independence Day ya mwaka 1996 ilifuata njia hiyo kwa moto mwingi zaidi na, kwa maoni yangu, kwa fikra chache zaidi. Mtindo wa pili ni wa kimya. Katika Invasion of the Body Snatchers ya mwaka 1956 hakuna mji unaoungua. Mtu hulala, na anayeamka ana sura ile ile na sauti ile ile, ila hana tena upendo wala huzuni. Huu ndio unaonitisha, kwani hata jirani hamtambui adui.

Filamu ya 1953 ilitokana na riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, iliyotoka kitabu mwaka 1898. Katika sura yake ya kwanza Wells anawakumbusha wasomaji kwamba Wazungu waliwaangamiza wenyeji wa Tasmania. Basi wasiwahukumu upesi wavamizi wa Mirihi. Aliwaweka Waingereza mahali pa waliovamiwa. Filamu iliihamishia hadithi Marekani, na Tasmania ikaachwa njiani.

Miaka saba kabla ya kitabu hicho, jambo lenyewe lilitendeka Bunkeya, katika mkoa wetu wa Lualaba. Mtindo wa kimya ulitangulia: mwaka 1890 Alfred Sharpe alimletea Mfalme M'siri mkataba wa Waingereza, naye akaukataa. Desemba 1891 akafika Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, aliyetumwa kwa faida ya Leopold II. Wengi katika msafara wake walikuwa watu wa Zanzibar na pwani. Wavamizi wetu, basi, walisema lugha hii ninayoiandika. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alimpiga M'siri risasi akafa, naye Bodson akauawa.

Katika filamu za kishindo wanadamu wote huungana dhidi ya mgeni. Bunkeya haikuwa hivyo. M'siri mwenyewe alikuwa ametoka upande wa Unyamwezi, akawatiisha wenyeji, na Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi. Sijaona filamu ya namna hii yenye ujasiri wa kuonyesha kwamba waliovamiwa nao walikuwa na madeni ya damu baina yao.

Katika riwaya ya Wells wavamizi huangamizwa na vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Stairs naye alikufa kwa malaria huko Chinde, pwani ya Msumbiji, mwezi Juni 1892. Lakini hapa hadithi haikuishia hapo. Mkubwa wa msafara alikufa, utawala ukabaki, na mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga.

Mwaka 2009 Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, aligeuza mambo. Katika District 9 wageni wa angani ni wakimbizi wenye njaa waliofungiwa katika mabanda, na wavamizi ni wanadamu. Jina hilo linakumbusha District Six ya Cape Town, mtaa uliotangazwa mwaka 1966 kuwa wa Wazungu peke yao, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa. Ninyi mkaao Kolwezi, ambako nyumba zimebomolewa ili machimbo yapanuke, mkiitazama filamu hiyo msiharakie milipuko ya mwishoni. Tazameni kwanza pale afisa anapobisha mlango baada ya mlango, kwa upole, akiwa na karatasi mkononi, akiomba sahihi.