Kuuguza: kitenzi kilichotangulia hospitali

Kitenzi ‘kuuguza’ hakina bahati katika magazeti yetu. Hujitokeza katika habari za ajali, ambapo aliyenusurika ‘anauguza majeraha’ hospitalini, nayo nomino yake ‘wauguzi’ huonekana zaidi wakati wa migomo. Siku nyingine husahaulika. Katika wodi za hapa Kakamega mgonjwa akitaka maji ya kunywa ataita ‘sista’ au ‘nesi’. Akiingia muuguzi wa kiume, huyo ni ‘daktari’ moja kwa moja, hata kama beji iliyo kifuani inasema mengine. Naye daktari wa kike akipita na kipimo chake shingoni, ataitwa sista. Tunacheka, lakini mchanganyiko huo una historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini watu wengi hawajui muuguzi amesomea nini hasa.

Hebu tuanze na mzizi. ‘Kuugua’ ni kuwa mgonjwa, na pia ni kutoa ile sauti ya chini ya mtu mwenye maumivu. Ukikinyambua kitenzi hicho katika kauli ya kutendesha, kama vile pungua huzaa punguza, unapata ‘uguza’. Sasa mantiki ya haraka ingedai kwamba kumuuguza mtu ni kumfanya augue, yaani kumtia ugonjwa. Hakuna Mswahili anayeelewa hivyo. Kumuuguza mtu ni kukaa naye katika kuugua kwake: kumlisha, kumgeuza kitandani, kumwangalia usiku. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari inakipa kitenzi hiki maana hiyo ya kumtunza mgonjwa.

Siri iko katika kauli yenyewe. Kutendesha kwa Kiswahili si kulazimisha tu. Mara nyingi ni kumsaidia mtu kutenda jambo ambalo ni lake. Mkunga ‘humzalisha’ mama, lakini anayezaa ni mama. Yaya ‘humlisha’ mtoto, lakini anayekula ni mtoto. Mgonjwa ‘hulazwa’ hospitalini, lakini usingizi, akiupata, ni wake. Vivyo hivyo anayeugua ni mgonjwa, na anayemuuguza humsaidia kuuvuka ugonjwa huo, au kuufikia mwisho wake.

Nimesisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wa uuguzi, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa mjini, hufundishwa kwa Kiingereza fasili moja mashuhuri ya kazi yao. Ni ya Mmarekani Virginia Henderson, na mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliichapisha katika kijitabu kilichosambaa duniani. Kwa maneno yangu, Henderson anasema hivi: kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu, awe mgonjwa au mzima, kufanya yale yanayoleta afya, nafuu au kifo cha amani, ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na kumsaidia kwa namna ambayo itamwezesha kujitegemea upesi. Henderson aliorodhesha mahitaji 14, miongoni mwake kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kujongea, kulala, kuvaa, kuwa safi, kuepuka hatari, kuwasiliana, kuabudu, kufanya kazi, kucheza na kujifunza.

Ipitie orodha hiyo kwa Kiswahili uone. Kula, kulisha. Kunywa, kunywesha. Kuoga, kuogesha. Kuvaa, kuvisha. Kulala, kulaza. Kucheza, kuchezesha. Kujifunza, kufunza. Kile ambacho msomi alikieleza kwa fasili ndefu, sarufi yetu inakibeba katika kiambishi kimoja kabla ya irabu ya mwisho. Sisemi kwamba wahenga waligundua taaluma ya uuguzi. La hasha. Nasema kwamba mwanafunzi anayeijua lugha hii vizuri ana mlango wa kuingilia dhana hiyo, nasi tumeufunga.

Kuna neno lingine la kale linalotuhusu sisi watu wa Magharibi. Waluhya humwita mgonjwa ‘omulwale’ na ugonjwa ‘obulwale’, kwa tofauti ndogo za lahaja. Wengi hudhani Kiswahili hakina undugu na maneno hayo, kwa kuwa husikia ‘mgonjwa’ tu. Lakini washairi wa pwani humwita mgonjwa ‘muwele’, na sote tunajua methali isemayo, ‘Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.’ Ndwele, uwele, muwele, omulwale: shina ni moja la Kibantu. Ukiitazama methali hiyo kwa jicho la muuguzi utaona kitu kingine. Kuganga, ambako asili yake ni pamoja na kufunga na kuunga kilichovunjika, kunaelekezwa kwa yajayo. Leo tungesema kinga.

Je, kabla ya hospitali, nani alimuuguza nani? Katika jamii za Waswahili kila hatua ya maisha ilikuwa na mtu wake. Mlangoni mwa dunia alisimama mkunga. Jina lake linatokana na ‘kunga’, yaani siri au maarifa yasiyotangazwa, na ndiyo maana mkunga mwenye domo hakuaminiwa. Mama aliyejifungua alitunzwa kwa siku 40. Mtoto alikuwa na mlezi. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi. Mwenye maradhi alikuwa na mganga wa kumtibu, lakini aliyeshinda naye na kukesha naye alikuwa jamaa, kwa kawaida mama, mke, dada au binti. Na kwenye mlango wa kutokea alikuwapo mwosha maiti, ambaye methali inamkumbusha kwamba naye ataoshwa.

Tazama basi kazi ya muuguzi wa leo. Anapima mimba, anazalisha, anachanja watoto, anazungumza na vijana kuhusu miili yao, anafunga vidonda, anamgeuza mzee aliyepooza asipate vidonda vya mgongo, na mgonjwa akikata roho ndiye anayemfumba macho na kumsitiri kabla jamaa hawajaitwa. Amekusanya katika sare moja kazi za mkunga, mlezi, somo na mwosha. Vitabu vyao huita jambo hilo utunzaji katika mzunguko mzima wa maisha. Ni kazi iliyokuwa ya watu kadhaa, ikaja kuwa ya mtu mmoja mwenye cheti.

Ilikujaje? Katika eneo letu, njia ilipita misheni. Wamisionari wa Quaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mwaka uliofuata akaja daktari wao, Elisha Blackburn. Kaimosi leo iko Vihiga, ila kwa miaka mingi Vihiga yote ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kakamega. Wakatoliki nao walikuja kujenga hospitali Mukumu na Mumias. Serikali ya kikoloni kwa upande wake iliwafunza vijana wa kiume Waafrika kufunga vidonda na kutoa dawa, wakaitwa ‘madresa’. Neno hilo limezeeka pamoja na waliolibeba, lakini lilikuwa na maana ya wazi: dresa ni mfunga kidonda, yaani, ukipenda, mganga kwa maana ya kwanza ya kuganga.

‘Sista’ lilitoka pande mbili kwa pamoja. Watawa wa Kikatoliki walihudumu hospitalini, na katika hospitali za Waingereza msimamizi wa wodi alikuwa na cheo cha sista hata kama hakuwa mtawa. Kwa hiyo cheo cha kike kikageuka jina la kila mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, naye mwanamume akabakiwa na ‘daktari’. Ule mchanganyiko wa wodini niliouanza nao ni urithi wa wakati huo: mwanamume aliagiza, mwanamke alitii.

‘Nesi’ lina safari ndefu zaidi. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa, ambako mzizi wake wa Kilatini ulihusu kulisha na kunyonyesha. Nesi wa kwanza alikuwa mama wa kunyonya. Kwa hivyo Kiingereza kilianza hesabu yake kwenye titi la mama, Kiswahili kikaanzia kwenye kite cha mgonjwa. Maneno haya mawili yameshika ncha mbili tofauti za maisha, na taaluma yenyewe ikaja kuziunganisha.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa taaluma ya kusomewa ni Florence Nightingale. Mwaka 1854 alikwenda Scutari, Uturuki, kuwauguza askari Waingereza wa vita vya Krimea. Mwaka 1859 alichapisha kitabu chake kuhusu uuguzi, na mwaka 1860 shule yake ikafunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London. Mafundisho yake yalikuwa ya kawaida sana: hewa safi, mwanga, usafi, utulivu, chakula kinachofaa, na jicho la kuangalia. Aliamini kwamba mwili hujiponya, na muuguzi huuwekea mazingira ya kufanya hivyo. Aliandika mengi kuhusu mgonjwa kupewa chakula kwa wakati wake. Wahenga wetu walisema kwa ufupi, ‘Mgonjwa haulizwi uji.’ Usimsubiri aombe. Mtazame, ujue, umletee. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya utaratibu wa uuguzi unaofundishwa leo: kuchunguza hali, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kisha kupima kama umefaulu.

Nchini Kenya taaluma hii inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1983, Sura ya 257, iliyoanzisha Baraza la Wauguzi. Bila kusajiliwa na baraza hilo huruhusiwi kuitwa muuguzi. Hapo ndipo lugha na maisha vinapogongana, kwa maana nyumbani kila mtu huuguza. Na hata hospitalini! Tembea katika wodi yoyote ya umma jioni uone ni nani anayelisha, anayeogesha, anayegeuza. Mara nyingi ni shangazi aliyetoka Shinyalu au Malava na leso yake na chupa ya chai. Muuguzi mmoja mwenye safu nzima za vitanda anatoa dawa, anaweka dripu na kujaza fomu. Hana wakati wa kulisha mtu. Kwa hiyo vitenzi vile vyote vya Henderson vimerudi mikononi mwa jamaa, na aliyevisomea miaka minne amebaki na sindano na karatasi.

Nadhani hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na hatuioni kwa sababu hatuna jina la kuiita. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali za kaunti waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Mjadala ulikuwa wa marupurupu, na ilikuwa haki yao kuyadai. Lakini katika miezi hiyo mitano sikusikia mtu akiuliza hadharani: kaunti inapoajiri muuguzi, inanunua nini? Kama jibu ni ‘mtu wa kudunga sindano’, wachache watatosha. Kama jibu ni mtu wa kulisha, kugeuza, kufariji, kufunza na kusitiri, basi hesabu ya wanaohitajika inabadilika kabisa. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Waliotuletea neno ‘nesi’ sasa wanatuomba wauguzi, na vijana wetu wanakwenda kuwaogesha wazee wa Uingereza ilhali wazee wa Lurambi wanaogeshwa na wajukuu walioacha shule wiki nzima.

Kuna pia neno ‘huduma’, linalomeza kila kitu. Tuna huduma za simu, huduma kwa wateja, huduma za serikali, na sasa muuguzi, mkunga, mfamasia na anayefagia korido wote ni ‘wahudumu wa afya’. Neno hili la asili ya Kiarabu ni zuri, lakini likitandazwa mno hufuta mipaka. Huduma hutolewa dirishani, na anayeuguza sharti akae.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyombo vya habari na hospitali viseme ‘muuguzi’ kwa mwanamke na kwa mwanamume, na ‘daktari’ vivyo hivyo. Sina ugomvi na ‘nesi’, maana limeshapata uraia, mradi lisiwe la wanawake peke yao. Pili, vyuo vinavyofunza wauguzi Magharibi viwafunze pia kuuliza na kueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za wagonjwa wao. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na haki ya afya iliyo katika kifungu cha 43 haina maana kwa mgonjwa asiyeelewa alichoambiwa. Mwanafunzi anayeweza kumuuliza nyanya, ‘Unaweza kujilisha, au nikulishe?’ amekwisha kufanya uchunguzi wa kitaalamu kwa sentensi moja.

Tatu, jamaa wanaouguza wodini watambuliwe. Wafunzwe namna ya kumgeuza mgonjwa, kunawa mikono na kutambua dalili za hatari, kwa kuwa kazi wanaifanya tayari. Lakini kuwafunza kusiwe kisingizio cha kutoajiri. Shangazi wa Shinyalu ana shamba lake na watoto wake. Hakuja Kakamega kuziba pengo la bajeti.