Nyayo za Sofia Perovskaya

Katikati ya St. Petersburg, pembeni mwa mfereji uitwao leo Griboyedov, kuna kanisa lenye kuba za rangi nyingi. Wajenzi waliusogeza ukingo hadi ndani ya mfereji ili kanisa lisimame palepale Tsar Alexander II alipolipuliwa tarehe 13 Machi 1881. Ndani, chini ya kipaa cha mawe ya thamani, mawe ya barabara ya siku ile yamehifadhiwa. Aliyewapa ishara warusha mabomu, kwa kupunga leso nyeupe, alikuwa mwanamke wa miaka 27.

Sofia Lvovna Perovskaya hakuzaliwa kwa wanyonge. Baba yake, Lev Perovsky, aliwahi kuwa gavana wa St. Petersburg. Alipokuwa naibu gavana huko Pskov, Sofia alicheza na watoto wa gavana Muravyov. Mmoja wao, Nikolai, ndiye aliyekuja kuwa mwendesha mashtaka na kuiomba mahakama imnyonge Sofia.

Njia ya kutoka nyumbani kwa baba yake hadi mferejini ilipita darasani. Vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, basi mwaka 1869 Sofia akajiunga na masomo ya jioni yaliyofunguliwa kwa ajili yao mjini. Akapata marafiki, na baba akawapiga marufuku. Akiwa na miaka 17 aliondoka nyumbani. Baadaye tunamkuta vijijini mkoani Samara, akiwachanja wakulima dhidi ya ndui. Watwana zaidi ya milioni 20 walikuwa wameachwa huru mwaka 1861, kwa amri ya Tsar huyuhuyu, lakini walitakiwa kuilipia kwa miaka mingi ardhi waliyoilima tangu enzi za babu zao. Naamini hapo ndipo penye kiini cha maisha yake, kuliko kwenye bomu lolote.

Serikali ilimfunga, ikamshtaki pamoja na wenzake katika kesi ya watu 193, na mahakama ikamwachia mwaka 1878. Miezi michache baadaye polisi wakamkamata tena na kumpeleka uhamishoni kaskazini, bila hukumu yoyote. Katika stesheni ya Chudovo askari waliomlinda walisinzia. Akatoka taratibu, akapanda treni, akatoweka. Msichana aliyekuwa akichanja wakulima akaingia katika Narodnaya Volya, chama kilichoapa kumuua Tsar.

Humo alimpenda Andrei Zhelyabov, aliyezaliwa katika familia ya watwana. Wakapanga pamoja. Katika mtaa wa Malaya Sadovaya, wenzao walifungua duka la jibini na kuchimba handaki chini ya barabara ili kumlipua Tsar akipita. Siku mbili kabla ya shambulio, Zhelyabov akakamatwa. Sofia akashika usukani. Tsar alipopita njia nyingine badala ya Malaya Sadovaya, Sofia aliwahamishia warusha mabomu mferejini. Bomu la kwanza lilimjeruhi vibaya mvulana mpita njia, akafa. Tsar akashuka garini kuwatazama majeruhi, na bomu la pili likamkuta hapo. Siwezi kuzifuata nyayo hizi nikamruka yule mtoto, kwani hakuwa na jukumu lolote katika dhuluma iliyokuwa ikipigwa vita.

Sofia hakukimbia mji, ingawa wenzake walimsihi. Alikamatwa siku chache baadaye barabara ya Nevsky. Kutoka gerezani alimwandikia mama yake, Varvara Stepanovna, barua ya kumtuliza, na mwishoni akamwomba amnunulie kola na pindo za mikono ya gauni ili aonekane nadhifu mahakamani.

Kutoka mferejini hadi uwanja wa Semyonovsky ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Alinyongwa huko tarehe 15 Aprili 1881 pamoja na Zhelyabov na wenzao watatu, akiwa mwanamke wa kwanza kuuawa nchini Urusi kwa kosa la kisiasa. Aliwabusu wenzake kuwaaga, ila Rysakov, mmoja wao aliyewataja wengine kwa polisi, alimgeuzia mgongo.

Asubuhi ya siku aliyouawa, Tsar alikuwa ameidhinisha pendekezo la waziri wake Loris-Melikov la kuwashirikisha wajumbe wa kuchaguliwa katika kutunga sheria. Mwanawe, Alexander III, alilitupilia mbali. Mwezi Mei akatangaza kwamba atatawala peke yake, kwa mamlaka kamili.